Chai Nyekundu ya Mama

Majani ya chai yakichemshwa kupita kiasi hutoa harufu nzito, yenye uchungu kidogo, na jikoni kwetu Nyabiyonza harufu hiyo ilishika hadi kutani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mpishi wa chai wa nyumba nzima, na nasema bila aibu, hakuna aliyenipita. Msimu ule wa kuvuna kahawa mama alikuwa mjamzito, na kliniki walimwambia damu yake imepungua sana. Mwaka uliotangulia jirani yetu alifariki akijifungua, alivuja damu ikaisha. Kwa hiyo niliposikia habari ile niliogopa mpaka nikashindwa kula.

Bibi mzaa baba alikuwa na dawa yake. "Mpikie chai ya rangi, iwe nyekundu kama damu yenyewe." Kwetu wengi waliamini hivyo, kwamba kinywaji chekundu huongeza damu. Basi nikachemsha! Kila mara mama alipokula ndizi na maharage nilimwekea kikombe kando ya sahani, na vidonge vyake vya kuongeza damu alimezea chai hiyohiyo. Nilimsimamia mpaka amalize.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza. Damu ilikuwa imeshuka zaidi. Nesi akamuuliza kama anameza vidonge.

"Kila siku, kwa chai ya huyu binti yangu," mama akajibu kwa majivuno. "Anaipika vizuri kweli."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, chai hiyo inazuia madini ya chuma, na mwili hauwezi kutengeneza damu bila hayo. Vidonge meza kwa maji. Chai kunywa saa moja au mbili baada ya kula. Na ukila maharage, kula na mapera, vitamini zake zitakusaidia."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Njia nzima nililia, na mama akawa ananibembeleza yeye mgonjwa. Tulipofika nilimweleza bibi kila kitu. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mkamwana wangu?" aling'aka, akaingia ndani. Asubuhi alikuja na kikapu cha mapera, akakitua miguuni pa mama. Damu ilipanda taratibu, na mdogo wangu akazaliwa salama.

Siku hizi kwenye simu mmoja anakwambia chai ni sumu, mwingine anaapa ni dawa ya kila kitu. Nawacheka wote. Mimi nakunywa vikombe viwili kwa siku, chakula kikishatulia. Mwezi uliopita mke wa mdogo wangu, naye mjamzito, alikuja kututembelea. Nikamkuta na kidonge mkononi, kikombe cha chai mdomoni. Nilimpokonya kikombe hata kabla ya salamu, naye akanuna. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Msikilize huyo, mwanangu," akamwambia. "Ilibaki kidogo tu aniue, na alikuwa ananipenda kuliko wote."