Kila Julai Naenda Kutazama Bunduki

Watu wengi huenda kwenye maonyesho ya Julai, pale Barabara ya Kilwa, kununua masufuria, kujaribu magodoro na kula chipsi wakiwa wamesimama. Mie huenda kutazama bunduki. Nimekwenda miaka sita mfululizo, na mimi si mtu wa kufanya jambo lolote kwa miaka sita mfululizo. Sinza nimepanga mara mbili, Mbagala mara moja, na katikati nimeishi Tunduma, Mtwara na miji mingine ambayo leo nikitajiwa nakumbuka rangi ya mlango tu. Lakini Julai ikifika, popote nilipo, narudi Dar na kusimama kwenye foleni ya banda la silaha, vumbi mpaka kwenye nyusi, nyuma ya mama mwenye watoto watatu na ndoo mpya ya plastiki.

Nilikuwa naitafuta bunduki moja. Ya baba yangu.

Sitadanganya, hata zisizo za baba nazipenda. Napenda harufu ya mafuta ya bunduki inapochanganyika na joto la bati. Napenda pale askari anapofungwa kitambaa machoni na kuifungua bunduki vipande vipande, akavipanga mezani, kisha akaiunganisha tena, na watu wazima wanamhesabia kwa sauti kama watoto wa chekechea. Zaidi ya yote napenda ubishi wa wanaume wa rika langu kwenye foleni. Mwaka mmoja jamaa mmoja mwenye kitambi alinyoosha kidole kwenye bunduki kubwa iliyosimamishwa kwa miguu miwili.

"Hii inaangusha tembo," akasema.

"Tembo wapi," akajibiwa na mwenzake. "Wewe hata kuku wa Krismasi unampelekea jirani akuchinjie."

Basi tukacheka foleni nzima, na kwa dakika hiyo niliwapenda watu wote waliokuwa pale.

Kisha unafika ndani, na raha inaishia hapo. Umesimama juani saa nzima, unapitishwa mbele ya meza dakika mbili. Kuna kamba. Kuna karatasi imeandikwa USIGUSE. Kijana aliye mbele yako ameipa bunduki mgongo, anajipiga picha, na picha ya kwanza haikumpendeza. Banda la jirani wanauza viuatilifu kwa kipaza sauti, kwa hiyo katikati ya historia ya bunduki unasikia habari za kunguni. Na ukiuliza swali la mtu anayejua, labda juu ya kufuli ya mtutu, unajibiwa, "Sogea mbele, kaka, na wengine waone."

Baba asingesogea. Baba ndiye aliyetuanzishia safari hizi, mimi na kaka yangu, tukiwa wadogo. Alitoka Songea kijana, akapata ukarani kwenye ghala, na alipojiweza akanunua shamba Bunju. Leo Bunju ina maghorofa na maduka ya vioo. Wakati ule ilikuwa pori, na nguruwe pori walikuwa wakimaliza mihogo yetu kabla hatujaionja. Baba akaomba kibali, akahojiwa, akapigwa picha, akapewa kitabu kidogo cha kumiliki silaha, na ndipo akanunua shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Kila Julai alivaa koti lake la kijivu, akatushika mikono, akaenda moja kwa moja kwenye banda la silaha. Masufuria hakuyatazama. Aliwauliza askari wanasafishia nini, na akawaeleza bila kuulizwa, "Ya kwangu ina kitabu chake." Walimwamkia shikamoo mzee na kumjibu maswali yote.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja. Hakuna aliyemwamkia baba bunduki ikiwa imefungwa. Akirudi kutoka shambani alisimama nje ya kizingiti, akaikunja bunduki, akatoa risasi, akatuonyesha tundu la mtutu, tukaona mwanga upande wa pili. Hapo ndipo tulipojipanga: shikamoo baba. Akiitikia marahaba, anaingia, na mama anapakua chakula. Siku moja nilimkimbilia na kumwamkia kabla hajaikunja. Hakunijibu. Alirudi mpaka kwenye mnazi wa mwisho, akageuka, akaja tena kwa mwendo uleule, akasimama, akaikunja, akasubiri. Nikaamkia upya. Sikuwahi kukosea tena.

Nilikosea mengine. Nikiwa darasa la tano niliitoa chini ya kitanda, mama akiwa kisimani, ili nimwigize baba kwenye kizingiti. Ikaniponyoka ikaangukia ngazi ya saruji, kitako kikapasuka. Baba hakunipiga. Alitafuta waya wa shaba, akakizungushia kitako mizunguko saba, akaniambia nihesabu. Nikahesabu. Akasema, "Ukiiona popote, utaijua." Sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Nadhani alikuwa anatania tu.

Baba alifariki masika moja, mimi nikiwa utingo kwenye malori ya Tunduma. Nilifika siku ya mazishi yenyewe. Siku ya pili ya matanga, watu wakiwa kwenye turubai, niliingia chumbani kwake na kupekua koti la kijivu. Mfukoni kulikuwa na kile kitabu. Nilikifungua nikaona picha yake ya ujana, amekaza shingo kwa ajili ya mpiga picha, hana mvi hata moja. Sikuwa na picha yoyote ya baba. Nikakitia kwenye begi langu. Sikuiba kwa ubaya. Sikufikiri hata kwamba ni kuiba. Sikumwambia mtu, na baada ya siku nne niliondoka. Njiani simu ikaibiwa, nikapata namba nyingine, na sikuhangaika kuwapa namba hiyo watu wa nyumbani. Ndivyo nilivyokuwa. Nilidhani nyumbani ni mahali panapokaa palepale pakikusubiri.

Hapakusubiri. Tangazo lilitoka kwamba kila mwenye silaha aipeleke kuhakikiwa pamoja na kitabu chake, na silaha ya marehemu familia ifuate utaratibu wa kuirithi. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kufuata utaratibu mpaka kwenye namna ya kukunja leso. Alitafuta kitabu nyumba nzima. Aligeuza godoro, akamwaga sanduku la mama, akafungua hata Biblia ukurasa kwa ukurasa. Hakukiona. Akakumbuka kwamba baada ya matanga mama alichoma karatasi za zamani, risiti na kalenda za miaka iliyopita. Akasema mama amekichoma kitabu. Mama akakataa. Kaka akasema tena na tena, mpaka mama naye akaanza kusema huenda, sikumbuki, macho yangu siku zile yalikuwa ya kulia tu.

Bunduki bila kitabu ni kesi, na kaka aliogopa kesi kuliko kifo. Ikatangazwa nafasi ya msamaha: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, haulizwi jina, haulizwi ameitoa wapi. Kaka akaifunga bunduki ndani ya mkeka, akaipeleka asubuhi kwenye ofisi iliyotajwa, akaiweka mezani, akageuka. Hakusaini kitu. Bunduki ambayo baba alijisifia kitabu chake mbele ya askari iliingia pale kama ya mwizi.

Niliporudi baada ya miaka miwili kaka alinieleza hayo uani, mama akichambua mchicha pembeni.

"Kile kitabu, wewe hukukiona siku za msiba?" akaniuliza.

"Sijakiona," nikasema.

"Basi ni huyu," akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu. Mama hakuinua uso. Kitabu kilikuwa kwenye begi langu, hatua tano kutoka pale tulipokaa.

Sijui kwa nini sikusema palepale. Najua tu kwamba neno likikupita siku ya kwanza, siku ya pili linakuwa zito maradufu. Niliondoka tena. Baadaye nikasikia kutoka kwa jirani wa Mbagala kwamba silaha zilizosalimishwa huteketezwa, ila chache za zamani hubakizwa zikaonyeshwa kwenye maonyesho. Ndipo nikaanza kwenda. Nilijipa ahadi: nikiiona, nitatoa kitabu, waiondoe kwenye kundi la haramu, na nitampelekea mama habari hiyo mkononi. Nadhani nilitaka kuungama nikiwa nimeshika zawadi.

Miaka mitano sikuiona. Nilianza kuzoea kutoiona, na nikiri, kuna mwaka nilitoka bandani nikiwa nimefarijika.

Julai iliyopita niliiona. Ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, kati ya magobori mawili yenye kutu, imefungwa mnyororo. Waya ulikuwa umekuwa wa kijani. Nilihesabu: saba. Juu ya meza kulikuwa na bango, SILAHA HARAMU ZILIZOSALIMISHWA NA RAIA, na dada mmoja mwenye sare alikuwa akikariri kwa sauti ya mtu aliyesema jambo lilelile tangu asubuhi, kwamba hizi ndizo zilizotumiwa na majangili na majambazi.

"Afande," nikasema, "hii ni ya baba yangu."

Akacheka kidogo. "Kila siku napata mtu ambaye moja ya hizi ni ya babu yake. Sogea, kaka, foleni ndefu."

"Nina kitabu chake."

Nilikitoa kwenye mfuko wa nailoni. Akakitazama, akanitazama, akaacha kucheka. Aliinama, akafuta vumbi chini ya mtutu kwa kidole gumba, akaanza kusoma namba, tarakimu moja moja. Nami nikamfuatisha kwenye kitabu. Ya mwisho tuliitamka pamoja.

"Sasa kama ilikuwa na kitabu," akauliza, "ilifikaje huku?"

"Kaka yangu aliileta wakati wa msamaha."

"Bila kitabu? Kwa nini?"

Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Oya anko, kama ni mirathi nenda mahakamani! Sie tumekuja kuona mzinga!" Watu wakacheka, kama nilivyocheka mimi mwaka ule wa tembo.

"Kitabu nilikuwa nacho mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu yeyote.

Nikamwomba aitoe kwenye meza ile, au aandike tu kikaratasi kwamba hii ilikuwa halali. Hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti.

"Mie hapa naonyesha tu. Na hata wakubwa wangu, sidhani. Zilizoingia kwa msamaha hazina majina, kaka. Ndiyo ilikuwa ahadi, kwamba hatuulizi. Leo ukileta jina, tunaliweka wapi?"

"Basi nikunjie tu," nikasema. "Ikunje, halafu ifunge. Nitaondoka."

Akatikisa kichwa, akanielekeza kwa kalamu. Pale mtutu unapokutana na kitako palikuwa na uvimbe wa chuma, mweusi, kama kovu lililoshonwa ovyo. "Zote zimechomelewa. Haikunjiki tena."

Nilisimama mbele ya bunduki ya baba iliyofungwa, na mdomo wangu ukafungwa nao. Kisha nikasogea, na wengine waone.

Nje nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza miwa, nikampigia kaka. Tulikuwa hatujasemezana tangu Pasaka.

"Nimeiona bunduki ya mzee," nikasema.

Nikasikia kuku, nikajua yuko Bunju kwa mama. Kisha akauliza, sauti imebadilika kabisa, si ya mwalimu tena, "Ilikuwa imefunguliwa au imefungwa?"

"Imechomelewa."

"Una hakika ni yenyewe? Waya wa shaba kila mtu anazungushia."

"Ni yenyewe. Namba zimelingana zote."

"Namba," akasema. "Namba umezitoa wapi wewe?"

Ningeweza kusema nilikuwa nazikumbuka tangu utoto. Nilikuwa na uongo huo tayari mdomoni, umeiva, na najua angeukubali kwa sababu ulikuwa unamfaa hata yeye. Muuza miwa alikuwa anakata, na kila panga lilipotua nilihisi ananihesabia.

"Kitabu nilichukua mimi," nikasema. "Siku ya pili ya matanga."

Nilisubiri matusi. Hayakuja. Nilimsikia akitembea, viatu kwenye saruji ya zile ngazi, nikamsikia akisema kwa upole ambao sijawahi kupewa mimi, "Mama, pokea. Ni mwanao. Ana neno la kukuambia." Simu ikakwaruza kwenye kitambaa, kanga yake labda, na kisha nikasikia pumzi zake, fupi fupi, za mtu anayengoja.

Kitabu kilikuwa mkononi, kimefungwa. Nilikifungua kwenye ukurasa wa picha, nikakiweka wazi juu ya goti, jua likaingia ndani. Ndipo nikasema, "Shikamoo mama."