Chupa Tano za Rangi ya Keki

Nyuma ya jiko la mpika keki kulikuwa na chemchemi iliyomnyima marehemu mumewe raha miaka ishirini. Ilitoka chini ya jiwe, ikatiririka hatua thelathini kwa mbwembwe zote, kisha ikazama kwenye changarawe na kupotea. Mume alishikilia kwamba maji hayo yanapita chini kwa chini, yanavuka kilima na kwenda kukianzisha kijito cha ng'ambo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani asiyejua kwamba mvua ya upande huu huteremkia bonde hili, na ya upande ule bonde lile? Wakambandika jina la Mbishi, na akazikwa nalo.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo wake, fundi baiskeli, kwa kuwa kijito kilichomoza nyuma ya karakana yake.

Sasa Jumamosi mpimaji wa ramani, mama mmoja mwenye buti na kofia pana, alikuwa anakuja kukichora kijito kuanzia chanzo chake. Kikishachorwa kimechorwa. Mpika keki alikasirika hasa. Mume wangu, alijisemea, hazikwi mara mbili.

Siku ilipofika, kabla jua halijatoka, akamimina kwenye chemchemi chupa tano za rangi nyekundu, yote aliyoiweka kwa ajili ya keki ya harusi. Bibi harusi angejua mwenyewe. Kisha akapanda kilima akitweta, akateremka upande wa pili, akajifanya amepita kusalimia tu.

"Karibu shemeji!" fundi akamlaki, shati limepigwa pasi mpaka linakata. "Umekuja kuona chanzo chenyewe?"

"Nimekuja kupumzika miguu."

Akaketi juu ya tairi bovu, macho kwenye maji. Saa tatu, maji safi. Saa nne, safi vilevile. Saa tano mpimaji akakunja utepe wake na kutoa penseli.

"Ngoja, mama," fundi akamzuia mpimaji. "Kabla hujaandika, uonje. Maji haya hayana mpinzani."

Akainama akachota glasi, huku bado anamtazama mgeni kwa tabasamu. Akafumba macho, akagugumia nusu, akampa iliyobaki. Mpimaji hakuipokea. Alikuwa anaitazama ilivyoiva rangi ya waridi.

"Hii ni nini?" fundi akauliza, na ulimi wake ulikuwa mwekundu kama wa mtoto aliyeiba peremende.

Mpika keki aliruka kutoka kwenye tairi. Alipiga kigelegele, akacheza, akamkumbatia mpimaji, akacheka na kulia kwa pamoja, na alipopata pumzi akaeleza yote. Mpimaji akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Wakapanda kilima wote watatu, wakafika nyuma ya jiko, kwenye jiwe lenye madoa mekundu.

"Basi kijito kinaanzia hapa," mpimaji akasema, penseli tayari. "Chemchemi hii inaitwaje?"

Mpika keki akamgeukia shemeji yake. Fundi baiskeli alilitazama lile jiwe, akajifuta macho kwa mkono wa shati lake la pasi.

"Mbishi," akasema. "Andika kwa herufi kubwa."