Nasriya ampikia mgeni katika nyumba alimozaliwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Nasriya anamimina unga wa vitumbua kwenye kikaango cha vishimo, anasubiri kingo zibadilike rangi, kisha anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Nje ya dirisha la jiko, Matrah, mtaa wa bandari wa Muscat nchini Oman, inaamka. Teksi zinapiga honi, wenye maduka wanafungua milango ya soko. Ghorofani, kwenye vitanda vya mbao nzito na taa za shaba, wageni wa hoteli bado wamelala.

“Chumba cha pembeni pale juu ndipo nilipozaliwa,” anasema bila kuinua macho. “Siku hizi kinaitwa chumba cha fahari. Zamani kiliitwa kwa Bi Kheiria.”

Bi Kheiria ni mama yake. Yeye na mumewe, Hamdan, walifika Muscat kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini wakapanga chumba hicho. Familia nne zilitumia jiko moja.

“Tukicheza uani, wenzetu wanatucheka Kiarabu chetu,” anakumbuka Nasriya, ambaye sasa ana miaka hamsini na mmoja. “Tukipanda juu, mama hataki kusikia Kiarabu. Lugha tulikuwa tunazibadilisha kwenye ngazi.”

Hamdan alikuwa mchukuzi bandarini. Aliugua kifua, akafia chumbani humo Nasriya akiwa na miaka tisa. Familia ikahamia Ghubra, mtaa mwingine wa Muscat. Nyumba ikabaki tupu, na sehemu ya paa ikaanguka.

Miaka mitatu iliyopita wenye nyumba waliamua kuifanya hoteli. Ukarabati ulisimamiwa na msanifu majengo wa Kireno kutoka bonde la mto Douro, ambako majumba ya kale ya wakulima wa zabibu yamegeuzwa hoteli za kifahari. Mwanamke huyo ndiye aliyekataa katakata kuta zibomolewe.

Nasriya, wakati huo mpishi wa shule, aliomba kazi. Anamkumbuka Mreno huyo vizuri.

“Aliniambia bibi yake alikuwa akikanyaga zabibu za mvinyo kwa miguu katika jumba ambalo sasa watu wanakwenda kupumzika. Nikamuuliza, bibi mwenyewe aliwahi kulala humo? Akasema, hakuna aliyewahi kumwalika.”

Aliyekasirika ni Bi Kheiria. “Kazi zote za Muscat umezikosa, mpaka ukapike pale alipokufa baba yako?” alimuuliza bintiye. Kwa wiki kadhaa salamu zilikuwa fupi.

Hoteli ilipofunguliwa, wageni walipenda vitumbua na mbaazi za nazi. Walipenda zaidi kusikia kwamba mpishi alizaliwa ghorofani. Meneja, kijana anayeitwa Yaqdhan, akamwomba awe anakaa nao uani jioni za Alhamisi awasimulie maisha ya zamani.

Alikubali. Alisimulia habari za jiko la watu wengi, joto la Juni na wanawake waliolala darini kutafuta upepo. Jioni moja mgeni akamuuliza kuhusu baba yake, naye akaeleza yote. Watu wakafuta machozi, kisha wakapiga picha.

“Nilirudi nyumbani nimefurahi,” anasema. “Nikamwambia mama. Akaniangalia, akasema, ‘Umewapa kifo cha baba yako, na kahawa juu yake?’ Sikulala.”

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Yaqdhan, akiamini huenda akatoka bila kazi. “Nitapika, lakini habari za baba yangu basi. Hizo si za hoteli.”

Yaqdhan anasema ombi hilo lilimchoma. “Khalti Nasriya ni kama mama yangu mdogo. Mimi niliona historia, sikuona msiba. Nilimwomba radhi, nikamwambia mama yake akitaka kuja, mlango wake uko wazi.”

Bi Kheiria alichukua miezi kuamua. Alikuja asubuhi moja mwaka huu, amevaa buibui jipya, ameshika mkono wa bintiye. Chumba kilikuwa hakina mgeni. Aliomba aachwe peke yake.

Nasriya alisubiri nje ya mlango. Alimsikia mama yake akisoma Fatiha, halafu akiongea kwa sauti ya chini. “Alikuwa akimpa baba habari. Nani kaolewa, nani kazaa. Sijapata kumsikia akizungumza naye vile.”

Alipotoka alikula kifungua kinywa uani, akalalamika kwamba vitumbua vimepungukiwa hiliki. Kwa mara ya kwanza tangu bintiye aanze kazi hiyo, alimuuliza kesho anapika nini.

Sasa Nasriya ana mpango mmoja. Baada ya Idi, wageni wakipungua, anataka mama yake alale usiku mmoja katika chumba kile, aletewe chai kitandani kama mgeni mwingine yeyote. Yaqdhan ameshakubali.

Bi Kheiria, ambaye ana miaka sabini na minane, alikataa mara mbili. Tulipomtembelea Ghubra, alimgeukia bintiye.

“Nnakuja,” alisema. “Lakini kile kitanda kikubwa mno kwa mtu mmoja. Utalala na mimi.”