Fundi Aliyemweleza Asiyehusika

Wiki iliyopita jirani yangu, mwalimu wa kike wa sekondari, alinipa lifti kutoka Bunda kwenda Musoma. Nyuma alikaa mama yake, aliyekuwa anasubiriwa hospitali afanyiwe upasuaji wa jicho. Karibu na Kiabakari gari likawa zito, harufu ya kuungua ikaingia ndani. Tukasimama kwa fundi.

Akapiga jeki, akajaribu kuzungusha tairi la mbele kushoto. Likagoma. Akanigeukia mimi, nisiyejua hata kuwasha gari.

"Mzee, kalipa, hii inayobana breki, imekufa. Mpaka iagizwe Mwanza, ifike kesho."

"Legeza kwanza skrubu ya kutolea upepo kwenye breki," mwalimu akasema.

"Mzee, mwambie huyu mama dereva haya ni mambo ya kiufundi."

Mwalimu akapiga magoti vumbini na gauni lake. "Gari ni langu, naliendeshaga mwenyewe. Na mama yangu hawezi kungoja kesho. Legeza."

Fundi akalegeza. Mafuta ya breki yakaruka, na tairi likazunguka kwa kusukumwa na kidole.

"Umeona?" mwalimu akasema. "Kalipa ni nzima. Mpira wa breki umeziba ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi."

Fundi akaenda dukani, akarudi na mpira mpya. Alipomaliza kuufunga, akamtazama mwalimu, si mimi: "Mwalimu, nitoe upepo sasa?"

Tulimkuta daktari bado yupo. Lakini fundi simlaumu peke yake. Kila aliponieleza, mimi niliitikia kwa kichwa kama mjuzi.