Beberu Tuliyemwacha

Jioni hii nimetoka kazini nimechoka hata kuitikia salamu, nikapishana na beberu akiburutwa kwenda buchani. Harufu yake imenirudisha Mwakirunge, nilikokulia.

Nyanya alitaka beberu wetu abadilishwe kwa wa jirani kabla mbuzi majike aliowazaa hawajapevuka. "Hao ni maharimu," alisema, neno la ndugu wasioweza kuoana. Mimi nililia siku mbili nikiwa nimeing'ang'ania kamba yake, mpaka mama akachoka. "Basi, mwacheni."

Mwaka uliofuata alizaliwa mwanambuzi asiye na macho. Nyanya hakunikaripia. Alinipa chupa ya maziwa tu. "Mnyweshe wewe, mjukuu wangu."

Mwanambuzi aliishi siku tisa. Kila aliposikia sauti yangu, aliinua kichwa akanitafuta.