Fulu Fremu

Tunduma ina watu wengi wanaojidai, na wengi wao wana sababu. Wakala wa forodha hujidai kwa sababu lori lako halivuki mpaka yeye aamue kupokea simu. Mbadilisha fedha hujidai kwa sababu kwacha unazozitaka ziko mfukoni mwake. Anyosisye, mpiga picha kutoka milima ya Ileje, alijidai kwa sababu ya kitu cheusi, kizito kama jembe bila mpini, kilichoning'inia shingoni mwake. Na kitu hicho ndicho kilichomweka mahali pabaya kwa Ikupa, mchumba wake.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida, na kuwa mtu wa kawaida Tunduma si jambo dogo. Alikuwa na fremu: chumba kimoja cha biashara karibu na stendi, chenye mlango wa kijani uliotazama foleni ya malori. Ndani mlikuwa na kitambaa cha bluu ukutani, kiti cha plastiki, printa iliyokoroma kama mzee, na kamera ndogo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiulizia jina. Waliotaka picha za pasipoti waliingia, wakaambiwa wainue kidevu kidogo, wakabonyezwa, wakatoka wakizipepea picha zao zikauke. Hakuna aliyemsifu Anyosisye kwa kazi hiyo. Lakini kila asubuhi alipofika alimkuta mtu anamsubiri mlangoni, na si kila msanii wa dunia hii anaweza kusema hivyo.

Mlango huo ndio uliomletea Ikupa. Ikupa alikuwa fundi cherehani wa Isongole, mwanamke asiyependa maneno marefu, na kabla ya Anyosisye alikuwa amewakataa wachumba wawili kwa swali moja tu: cherehani yangu itakaa wapi? Wa kwanza alisema sebuleni. Wa pili alicheka. Anyosisye alimleta Tunduma, akafungua mlango wa kijani, akainama na kuchora mstari wa chaki sakafuni. Huku picha, akasema, huku cherehani, na pazia katikati. Ikupa aliutazama mstari ule kwa muda, akauruka kwenda upande wake, akageuka huku na huku kama anayejaribu gauni. Kisha akasema mshenga aende kwa baba yake.

Mambo yangeishia hapo kwa heri, kama si Mzambia mmoja wa Nakonde aliyekuwa anafunga biashara yake ya kupiga picha za harusi. Alimwita Anyosisye ng'ambo ya mpaka, akatoa kamera kubwa kutoka kwenye mkoba wenye vyumba vyumba, akaipangusa lenzi kwa kitambaa laini, akamwambia, "Hii ni fulu fremu, munandi, rafiki yangu." Alimweleza kwamba kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kipana sawa na mkanda wa kamera za zamani, hakikupunguzwa hata kidogo. Anyosisye hakuelewa nusu ya maelezo hayo, ila jina lilimwingia kama homa. Alirudi Tunduma akilirudia njia nzima. Baada ya muda mfupi aliuza printa, akauza kiti, akaikabidhi fremu yake kwa mwenye nyumba, na kamera ikawa yake. Kwa maneno mengine, aliitoa fremu akapata fulu fremu, na katika mji mzima wa wachuuzi hodari hakutokea hata mmoja wa kumshika mkono.

Tuitendee haki kamera yenyewe, maana haikuomba kununuliwa na mtu wa namna hiyo. Ilikuwa mashine ya ajabu. Iliona gizani kama paka. Katika kanisa lenye balbu moja ilitoa picha safi bila mwanga wa kuwapofusha waumini. Vumbi la malori, linaloua redio na feni na mapafu ya watu, lilitua juu yake na kufutwa kama unga mezani. Mvua iliinyeshea, ikaendelea na kazi. Ukiibonyeza bila kuachia ilifyatua picha mfululizo, ukapata bibi harusi kabla ya chozi, wakati wa chozi, na baada ya chozi. Betri yake ilidumu kuliko sherehe. Na ukali wa lenzi yake ulikuwa wa kutisha: uliweza kuhesabu vinyweleo vya masikio ya mchungaji.

Lakini nani Tunduma aliwahi kuomba kuhesabiwa vinyweleo? Wanawake waliojipaka wakapendeza waliona kwenye picha zake makovu ya chunusi ambayo hata waume zao hawakuyajua. Mlio wa kufyatua ulikuwa mkubwa kama komeo la geti. Katika ibada moja ya harusi huko Mbozi mchungaji alikatiza sala, akafumbua macho, akasubiri Anyosisye amalize ili Mungu naye asikie. Uzito wa kamera uliipinda shingo ya Anyosisye hata akawa anatembea kama mtu anayetafuta sindano. Picha moja ilikuwa nzito kiasi kwamba kompyuta yake ya mtumba ikifunguliwa iliunguruma, ikapata moto na kuzima. Wateja walingoja picha zao mpaka hamu ikaisha, na wakati huo shangazi zao walikuwa wamezisambaza za simu siku ileile, keki haijakatwa.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo ni ya Tunduma tu. Hapa watu wengi wana kiroba kimoja cha sukari au katoni moja ya vipodozi ambayo haikupita njia kuu. Kamera kubwa namna ile, kwao, ni ya watu wa ushuru au ya watu wa runinga, na wote hao ni wabaya sawasawa. Anyosisye alipoinua lenzi sokoni, soko liligeuka. Alikuwa na mkusanyiko wa migongo ya watu wa mpakani usio na mfano, mkali hadi kwenye mishono ya mashati.

Hayo yote hayakumshtua. Alihamia barazani kwa Sadoki kinyozi, kwenye benchi la wanaosubiri kunyolewa, akawa anakaa pale siku nzima na kamera mapajani kama mtu aliyepakata mtoto wa kifalme. Kila aliyepita aliambiwa habari za fulu fremu. Vijana wa bodaboda wakambandika jina hilohilo. Yeye akalipokea kama cheo.

Ndipo mshenga, Mzee Yesaya, mzee wa kanisa kutoka Isongole, akapita Tunduma kwa shughuli zake. Alikuwa ametumwa na Mzee Ambwene, babake Ikupa, aulize kama ile fremu bado ipo, kwa sababu siku ya kupeleka mahari ilikuwa imekaribia. Alimkuta Anyosisye pale barazani akamuuliza.

"Mzee," akajibu Anyosisye, kifua mbele, "fremu ilikuwa zamani. Sasa nina fulu fremu."

Mzee Yesaya alifurahi sana. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia kijana akiamua kupanga ni vizuri apange nzima kuliko kugawana na watu, kisha akawahi gari lake. Hapo Anyosisye alielewa jinsi alivyoeleweka. Angeweza kumwita. Gari lilikuwa bado linapakia. Badala yake alipangusa lenzi.

Habari ilipofika Isongole ilikuwa fremu nzima. Ilipofika kwa Shangazi Rozi, dada yake Mzee Ambwene, ilikuwa milango miwili na stoo kwa nyuma. Ikupa akapiga simu kuuliza kama ufunguo wa mlango wa pili utakuwa wake. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili ya kusema kweli, na ilikuja ikiwa imefungwa vizuri kama zawadi. Anyosisye akasema, "Utaiona mwenyewe."

Akaja kuiona mwenyewe. Alikuja na Shangazi Rozi, na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya kanga mbili, amekipakata njia nzima bila kuliamini buti la gari. Walipofika stendi walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kijani. Walimkuta mpangaji mpya, binti aitwaye Jenista, anampiga mtu picha ya pasipoti kwa simu. Jenista akawaelekeza kwa adabu barazani kwa Sadoki.

Anyosisye aliwaamkia, akawapisha kwenye benchi. Shangazi Rozi alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Haya mwanangu, tuonyeshe hiyo fulu fremu, jua halijawa kali."

Kuna watu ambao hapa wangepiga magoti. Anyosisye alivua mkanda shingoni, akatandika taulo safi la Sadoki kwenye kigoda, akaiweka kamera juu yake. Kisha akaanza kueleza. Aliongea juu ya upana wa kile kipande cha ndani, juu ya giza la makanisa, juu ya vumbi na mvua na kufyatua mfululizo. Aliongea kwa moyo, na kila alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokuwa la aibu zaidi. Shangazi Rozi, ambaye ni mtu wa haki, aliomba aangalie. Akatia jicho kwenye kitundu, lenzi ikiwa imeelekea barabarani, akamwona kwa karibu mno dereva wa lori akichokonoa meno.

"Namwona mtu," akasema. "Fremu siioni."

Mashine ya kunyolea ya Sadoki ikanyamaza. Mteja aliyekuwa kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akageuka taratibu asikilize vizuri. Ikupa alikuwa bado amesimama na mzigo wake. Aliitazama kamera juu, akaitazama ubavuni, kama afanyavyo akiletewa kitambaa kisichotosha.

"Cherehani yangu itakaa wapi humo?" akauliza.

Anyosisye akasema hiyo ni lugha ya kitaalamu, kwamba mzee hakumwelewa. Ikupa akamuuliza kama yeye alielewa kwamba mzee hakumwelewa. Anyosisye akafanya jambo pekee alilolijua: akainua kamera, akawafyatulia mfululizo, wote wawili, mlio ukajaa baraza. Shangazi Rozi akasema sawa, kama picha imetoka basi amrushie Mzee Ambwene sasa hivi, aone walipofikia. Anyosisye akaanza kueleza tena: kadi lazima itolewe, iingie kwenye kompyuta, na kompyuta iko kwa fundi.

"Kumbe ni kubwa lakini haifiki Isongole," akasema Shangazi Rozi, akainuka.

Walimwacha pale. Ikupa hakutukana, hakulia; alirudi kwenye mlango wa kijani kwa sababu mikono ilikuwa imechoka na cherehani lazima ikae mahali. Jenista alikuwa analalamika kwa kila mtu kwamba chumba ni kikubwa kwa mtu mmoja. Walielewana haraka. Mstari wa chaki ulikuwa umefutika kwa miguu ya wateja. Ikupa akauchora upya, palepale. Mzee Ambwene, alipoelezwa, alituma neno kupitia Mzee Yesaya: habari ya mahari ingoje hadi kijana awe na kitu chenye mlango. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe si mpiga picha, lakini mlango anaujua akiuona.

Wiki zilizofuata Anyosisye alikaa kwenye benchi lake, upande wa pili wa barabara, akitazama alikotoka. Mchana mmoja malori yalisimama, vumbi likatulia kidogo, na mwanga ukaingia kwenye mlango wa kijani hadi ndani. Ikupa alikuwa ameinamia kazi. Anyosisye akavuta lenzi, akabonyeza mara moja tu. Lazima isemwe, kwa mara ya kwanza chombo kilipata kazi ya ukubwa wake. Ilikuwa picha ya kumfanya mtu anyamaze. Kutoka ng'ambo ya barabara uzi ulionekana ukiingia kwenye tundu la sindano, na usoni mwa Ikupa palikuwa na utulivu ambao Anyosisye hakuwahi kuuona akiwa karibu naye.

Alitaka Ikupa aione. Kompyuta ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi, ikaunguruma, ikakubali kunakili picha moja kwenye flashi, ikazima. Printa iliyo karibu ilikuwa ya Jenista. Ikambidi avuke barabara wakati Ikupa ameenda kununua vifungo, aingie kama mteja mlangoni alipokuwa mwenyewe. Jenista alichomeka flashi, mashine ikaganda. Akamwambia, bila ubaya wowote, "Kaka, hii ni kubwa mno. Iminye kwanza ipungue, unirushie Wasapu." Alikwenda kuiminya kwa rafiki yake mwenye duka la simu, akairusha, ikatoka kwenye printa ikiwa ndogo kama kiganja, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeitofautisha na picha ya simu yoyote mjini.

Ikupa aliikuta juu ya meza ya cherehani, na Anyosisye amesimama mlangoni, mkanda shingoni. Aliishika kwenye mwanga. Aliitazama kwa muda uleule alioutazama mstari wa chaki siku ya kwanza.

"Imetoka vizuri," akasema. "Umetumia simu ya nani?"

Ilikuwa nafasi ya tatu ya kusema kweli. Anyosisye aliitazama ile picha, akamtazama mwenye picha.

"Yangu," akasema.

Ikupa akaichomeka picha kwenye ukingo wa kioo, akakalia kiti chake, akaweka mguu kwenye pedeli.

"Basi hiyo simu usiiuze," akasema. "Hilo la shingoni liuze, utafute mlango. Na usogee hapo, unanizibia mwanga."