Hatua za Baba Kwenye Ngolo

Baba alipofariki, mama alitaka jambo moja tu: aendelee kulima mwenyewe lile shamba la mteremkoni, kule Mkumbi. Alikuwa amepita miaka sitini. Nilimsihi akae nyumbani, nitamtumia matumizi. Akanijibu, "Nikikaa, nitakaa kabisa."

Basi mwezi wa tatu nikarudi kutoka Dar es Salaam, daftari la riwaya yangu mkobani, nishike nafasi ya baba.

Kwetu Wamatengo, ngolo, yaani shamba la mashimo la mteremkoni, hulimwa na watu wawili. Mwanamume hufyeka nyasi, na zikikauka huzilaza katika mistari inayokatana, mteremko ukawa kama nyumba yenye vyumba vingi isiyo na paa. Mwanamke huingia chumba kimoja kimoja na jembe lake, huchimba katikati na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, mpaka kilima chote kiwe mashimo na matuta ya kuzuia maji. Hakuna kamba wala rula. Chumba hupimwa kwa hatua za anayelaza nyasi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na miguu mirefu. Nililaza nyasi huku nikiimba. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kusaidia, akasimama juu ya mteremko akaangua kicheko.

"We mwandishi! Hayo mashimo ya maharage au ya kuzikia ng'ombe?"

"Nataka yashike maji mengi, mama mdogo."

"Yatashika. Na mchimbaji je?"

"Mwache mwanangu," mama alisema, akitemea mate viganja vyake. "Kalaza vizuri."

Niliyapokea maneno yale kama sifa. Kwetu mwanamke hamkosoi mwanamume aliyekwisha kulaza nyasi. Ni sawa na kumwambia mbele za watu kwamba haijui nyumba yake. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni. Sikufikiri tu kwamba siku moja mwanamume huyo angekuwa mimi.

Mama alichimba siku tano. Mama mdogo alichimba upande wa juu, mimi nikakaa kwenye jiwe na daftari, nikiandika jinsi mgongo wa mama ulivyopinda na kunyooka, nikiutafutia maneno mazuri. Nilimwona akishika kiuno, nikaandika na hilo. Siku ya sita asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia kutoka kitandani. Hakuweza kuinuka.

Hospitalini mjini Mbinga daktari alituonyesha picha. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Alieleza taratibu kwamba umri unavyokwenda, mifupa hudhoofika ndani kwa ndani, hasa kwa wanawake, na misuli nayo huchelewa kupona. Mtu anaweza kuendelea na kazi yake, alisema, ila ipunguzwe ilingane na mwili alionao sasa.

"Kazi yake nani anampangia?" daktari aliuliza.



Nje, kwenye benchi, mama mdogo ndiye aliyenieleza. Baba, miaka yake ya mwisho, alikuwa akifupisha hatua anapolaza nyasi. Kila msimu, kidogo tu. Watu walimcheka kwamba mzee anatembea kama kuku aliyefungwa miguu, naye akasingizia magoti. Magoti yake hayakuwa na neno. Mama mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Alijua tu kwamba kazi bado anaiweza.

"Kwa nini hukuniambia, mama mdogo?"

"Nilikwambia. Ningesemaje tena, na mama yako anafurahi hivyo kwamba umekuja?"

Kurasa nilizoandika pale kwenye jiwe bado ninazo. Ni nzuri, na siwezi kuzitumia.

Mwezi wa tatu mwingine ulipofika nilirudi. Nilimkuta mama kibarazani, mkanda wa hospitali kiunoni, akichambua maharage. Nilimweleza kwamba tulime robo tu ya shamba, yeye apande, mimi nichimbe, wanaotaka kucheka wacheke. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kamwite jirani wa kule chini," alisema. "Amelitaka shamba siku nyingi. Aanze kufyeka kabla nyasi hazijawa ngumu."

"Mama, ngoja kwanza."

"Nenda, baba. Jua linakuwa kali."

Nikaenda kumwita.